Kupima Nguvu Inayonasisha Chembe ya Damu yenye Malaria

Huko Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, ambako maji ya Njoro na mto Rau hupelekwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba ya mpunga, mbu aina ya Anopheles arabiensis amechunguzwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, ukali wa vimelea vya Plasmodium falciparum anavyoeneza huamuliwa kwa sehemu kubwa ndani ya mishipa midogo ya damu, pale chembe nyekundu iliyovamiwa inapoweka juu ya utando wake protini iitwayo PfEMP1, ikashikana na protini pokezi ya ukuta wa mshipa, kwa mfano CD36, na hivyo kukwepa wengu ambao ungeiangamiza.

Nguvu ya mshikano huo hupimwa kwa hadubini ya nguvu za atomi, iliyoelezwa mwaka 1986 na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber. Chombo hiki hupapasa badala ya kutazama: kina ulimi mwembamba, ulioshikiliwa upande mmoja na wenye ncha kali upande wa pili, na mwali wa leza unaoakisiwa kutoka mgongoni mwake huonyesha umepinda kiasi gani. Ncha iliyopakwa CD36 hushushwa hadi iguse chembe, kisha huinuliwa. Protini zikiwa zimeshikana, ulimi hupinda kuelekea chini mpaka kifungo kikatike nao ufyatuke. Ulimi wenye ukakamavu wa pikonyutoni 10 kwa kila nanomita ukipinda nanomita 5, nguvu ni pikonyutoni 50, ambayo ni karibu uzito wa chembe nyekundu 50 za damu. Ukakamavu wenyewe hukadiriwa kwa kupima jinsi ulimi unavyotetemeka kwa joto la kimiminika, mtetemo ambao pia huweka mpaka wa kipimo, kwani kwa ulimi huo hulingana na takribani pikonyutoni 6.

Kazi ngumu zaidi ni kuthibitisha kwamba kilichokatika ni kifungo kimoja. Kwa sababu hiyo mgusano hufanywa hafifu kiasi kwamba takribani majaribio tisa katika kumi hayanasi kitu, hivyo uwezekano wa vifungo viwili kwa pamoja unakuwa mdogo; kisha CD36 huru huongezwa kwenye kimiminika, na ikiwa minaso haipungui, kilichopimwa ni unato wa kawaida tu. Watafiti wa Singapore waliochapisha vipimo vya chembe zilizovamiwa mwaka 2011 walilinganisha CD36 na thrombospondini, pokezi nyingine.

Matokeo ya namna hii husomwa vibaya mara nyingi, kwa kudhaniwa kwamba kila kifungo kina nguvu yake maalumu. Kikivutwa polepole, joto hupata muda wa kukikata kwa nguvu ndogo. Kikivutwa kwa kasi, huhimili zaidi. Biotini na avidini, molekuli mbili zinazoshikana ambazo kifungo chake kilipimwa kuwa pikonyutoni 160 mwaka 1994, zilionekana mwaka 1999 kuachana kwa nguvu yoyote kati ya takribani 5 na 170, kutegemea kasi ya kuongeza mvuto. Kwa kuwa mkondo wa damu nao huvuta kwa kasi yake, namba ya CD36 isiyotajiwa kasi ya kuvuta haifai kulinganishwa na ya pokezi nyingine yoyote.