Gari Linalia Mbele

"Inalia ukiwa unakwenda tu, au mpaka ukate kona?" Hilo ndilo swali la kwanza katika gereji nzuri ya Ujiji, na maswali hayaishii hapo. Inalia asubuhi tu, au hata ikishapata moto? Ukigusa breki mlio unakatika au unazidi? Ukipita tuta, inagonga inapopanda au inaposhuka? Mwenye gari aliyetoka Kasulu na haraka zake, akitegemea kutajiwa bei palepale, huanza kwa kujibu mkato mkato. Baadaye anatulia na kufikiri. Gari ameliendesha miezi mingi, lakini hajawahi kulisikiliza.

Nimekaa sana kwenye mabenchi ya gereji hizo, chini ya miembe, na ninachokiheshimu kuliko vyote katika kazi ile ni muda ambao fundi anautumia kabla hajalegeza hata nati moja. Kigoma ni mwisho wa reli. Tangu Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914, mzigo wa kutoka Dar es Salaam unasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kuja huku, na kipuri cha gari hakina njia ya mkato. Fundi wa kubahatisha, anayefunga shokapu leo, tairodi kesho na beringi keshokutwa mpaka mlio ukatike, atammalizia mteja fedha kwa kung'oa vitu vilivyokuwa bado vizima. Huku kusikiliza vizuri ni sehemu ya uaminifu.

Magari yenyewe ni ya umri mkubwa. Zipo Land Cruiser za mgongo mrefu zilizokwisha fanya kazi ya miaka mingi kwenye barabara za vumbi, na zipo Prado zilizopitia mikono mitatu au minne. Haya mawili hayalii kwa namna moja. Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ina ekseli nzima mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Springi zake za mbele zilikuwa za mabamba mpaka mwaka 1999, kisha zikaja za kuviringika. Prado iliyotoka mwaka 1996 kila gurudumu la mbele limejitegemea, limeshikwa na mikono miwili ya chuma, na mikono hiyo ina bushi na boljointi zake. Kwa hiyo kabla ya kusikia chochote, fundi anajua tayari orodha ya washukiwa.

Kisha wanakwenda barabarani. Redio inazimwa, vioo vinashushwa, na fundi hashiki usukani; anakaa upande wa abiria, kichwa kimeinama kidogo kuelekea dirishani. Akiona ukuta mrefu kando ya barabara humwambia dereva ausogelee, kwa sababu ukuta unarudisha sauti ya magurudumu iliyokuwa ikipotelea porini. Kwenye lami ya kutoka Ujiji kwenda Kigoma anatafuta uvumi, ile sauti nene inayopanda kadiri mwendo unavyopanda. "Toa gia, bwana, acha iserereke." Uvumi ukiendelea gia ikiwa imetoka na injini ikiwa imeshuka, injini imetoka kwenye kesi. Halafu wanaingia mtaa wa vumbi unaoteremka kuelekea ziwani. Sauti ya tairi hubadilika papo hapo lami inapokwisha. Sauti ya beringi inabaki ileile. Mwisho dereva anaambiwa aliyumbishe gari taratibu kushoto, kisha kulia. Likigeuka kushoto, uzito unaelemea magurudumu ya kulia, na uvumi ukizidi hapo, mara nyingi beringi mbovu ni ya kulia.

Inafaa kujua kwa nini beringi inavuma. Ndani ya habu ya Land Cruiser kuna roli ndogo za chuma zilizochongoka kidogo upande mmoja, zinazozunguka kati ya bangili mbili ngumu. Maji na vumbi vikipenya, au grisi ikizeeka, uso wa chuma unachoka: nyufa ndogo sana zinaanza chini ya ngozi yake, kisha vipande vinabanduka na kuacha vishimo. Kila roli ikipita juu ya kishimo inagonga. Pigo moja halisikiki, lakini mapigo mengi ndani ya sekunde moja yanaungana na kuwa sauti moja inayovuma, na gari likiongeza mwendo mapigo yanakaribiana na sauti inapanda. Beringi inaweza kuharibika hata gari likiwa limesimama. Miaka ya 1930 huko Marekani, magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni yalifika yakiwa na beringi zenye vishimo ingawa hayajaendeshwa: mtikisiko wa safari ulizisugua roli mahali pamoja mpaka grisi ikatoroka. Ndiyo maana fundi makini wa mji huu, unaopokea mizigo kwa treni na kuipakia kwenye meli za Kalemie na Bujumbura, huuliza pia gari lilikuja vipi na lilikaa wapi.

Wakirudi, gari linapandishwa jeki na kuwekewa gogo chini, maana hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Sehemu inayofuata naipenda kuliko zote. Fundi anazungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na kiganja cha mkono wa pili amekiweka juu ya springi. Springi inachukua mtikisiko wa habu na kuupeleka kwenye kiganja. Beringi nzima haisemi kitu. Iliyoanza kubanduka inatoa mkwaruzo mdogo unaokuja na kupotea, kama chenga za mchanga kwenye wali. Sikio halijapata chochote bado; kiganja kimekwisha jua.

Kisha anashika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mshukiwa anaweza kuwa beringi, anaweza kuwa boljointi, na kwenye Land Cruiser anaweza kuwa kingpini. Kwa kuvitenganisha hahitaji chombo chochote. Anamwita spana boi, msaidizi wake, aingie ndani. "Kanyaga breki, usiachie." Pedi zinapoibana diski, gurudumu na kile kinacholibeba vinakuwa kitu kimoja, na nafasi iliyokuwa ndani ya beringi haina pa kuonekana. Anatikisa tena. Mchezo umekwisha? Ni beringi. Bado upo? Ubovu uko nyuma ya habu, kwenye boljointi au kingpini. Baada ya hapo anashika kushoto na kulia, na hapo zinaonekana tairodi. Dakika tano, mikono miwili na mguu wa kijana, na nusu ya orodha imefutwa. Sijui kipimo kingine chenye akili nyingi namna hiyo kinachogharimu kidogo hivyo.

Kugonga ndiko kugumu, kwa sababu chuma kinasafirisha sauti. Mlio uliozaliwa kushoto unasikika chini ya miguu ya dereva kulia. Fundi analala chini ya gari, spana boi anaitikisa bodi, na vidole vinapita kiungo kwa kiungo, vikishika sehemu mbili zinazokutana. Panapogonga, kidole kinashtuka. Linki za stebilaiza hujisaliti zenyewe: magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja zinanyamaza, moja likiingia shimoni peke yake zinapiga kelele. Pedi zilizolegea hunyamaza ukigusa breki kidogo tu. Kokoto lililonasa kati ya diski na bamba lake la vumbi linapiga kelele za kutisha kuliko ubovu wowote, na hutoka kwa kurudi nyuma au kwa bisibisi.

Bushi kavu inayolia hupimwa kwa maji. Fundi anamwagia moja baada ya nyingine, huku gari likibonyezwa mbele, mpaka mlio unyamaze. Iliyonyamaza ndiyo yenyewe. Ni maji tu. Mafuta ya injini, grisi, hata mawese ambayo huku hayakosekani jikoni, huunyamazisha mpira siku chache kisha huutafuna, na fundi anayejua hakubali mteja apake kitu hicho.

Hata hivyo, ukali wa kelele na ukubwa wa hatari ni mambo mawili, na hapo ndipo ninapomtambua bingwa. Prado ya mwaka 1996 mpaka 2002 boljointi yake ya chini imefungwa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta itoke kwenye kikombe chake badala ya kuikandamiza ndani. Ikilika sana, inachomoka na gurudumu linalala. Na inaweza kufika huko ikiwa kimya, huku bushi ya pembeni yake, isiyomdhuru mtu, inalia mtaa mzima usikie. Kwa hiyo fundi haachi kupima pasipolia. Anaweka mtaimbo chini ya tairi, anainua kidogo kidogo, na macho hayaondoki kwenye ile raba ndogo nyeusi: imechanika? Kuna grisi nje? Kiungo kinapanda kabla mkono wa chuma haujapanda?

Mteja aliyeleta gari kwa ajili ya mlio wa bushi ataanza kulalamika kwamba hapo hapakuwa na shida. Fundi anafuta mikono, anachuchumaa, anamwonyesha.

"Bushi zitasubiri mwezi ujao, mzee, zitakupigia kelele tu. Hizi boljointi tunafunga leo, pande zote mbili."