Kikanyagio na Kana

Asubuhi ile kwenye Ziwa Guntersville, kaskazini mwa Alabama, sikuvua. Niliketi katikati ya boti, ufito wangu nimeulaza mapajani, nikautazama mguu wa kulia wa jirani yangu. Mzee alikuwa amesimama omo, uso kaelekeza kwenye majani ya ukingoni, akirusha chambo na kukivuta, akirusha na kukivuta, mikono yote miwili imeshughulika na hilo tu. Na boti ilikuwa ikienda. Iliambaa ukingo kwa umbali uleule, ikapinda pale ukingo ulipopinda, ikasita mbele ya mti ulioangukia majini, ikasogea tena, kelele hakuna. Kilichoiendesha ni unyayo. Vidole vikishuka kidogo, omo inageuka kulia. Kisigino kikishuka, inageuka kushoto. Katikati ya hayo mawili kuna mahali pa utulivu, padogo kama unene wa shilingi, ambapo boti inakwenda moja kwa moja, na hapo ndipo mguu wa Mzee ulipokuwa ukiishi.

Nimezaliwa Pangani, nimepanda ngalawa kabla sijaanza shule, kwa hiyo chombo majini si kitu kigeni kwangu. Lakini uvuvi huu wa Wamarekani ulinichukua muda kuuelewa. Wanamtafuta samaki mmoja tu, bass wa mdomo mpana, nami nitamwita besi kama wanavyomtamka. Si mgeni kabisa kwetu: Ziwa Naivasha lilipandikizwa besi kutoka Marekani mwaka 1929. Ni samaki wa kuvizia. Kwa kawaida hazunguki na kundi katikati ya maji. Anajibana kwenye kivuli cha gogo, chini ya gati, ndani ya magugu, anangoja windo lipite. Mvuvi hawezi kumngoja aje. Lazima aende kwake, mlango kwa mlango, na afike bila kumshtua.

Ndiyo sababu ya ile mota ndogo ya umeme inayofungwa omo. Kwa Kiingereza ina jina linalopotosha, jina la kukokota mshipi nyuma ya chombo, kazi ambayo wavuvi wa besi hawaifanyi nayo hata kidogo. Sisi tunalo neno linaloikaa vizuri zaidi. Jahazi linaambaa pwani. Mtu anaambaa ukuta gizani. Mimi huiita mota ya kuambaa. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1934 huko Fargo, North Dakota, na O. G. Schmidt, aliyechukua stata ya Ford Model A akaiunganisha na propela. Kampuni iliyotokana na kazi yake, Minn Kota, ikapewa jina la majimbo mawili yanayopakana pale, Minnesota na North Dakota.

Mzee alinieleza kwa nini inafungwa omo badala ya tezi. Mkokoteni ukiusukuma, kila jiwe linataka kuupeleka upande, ukiuvuta, unakufuata. Mota iliyo omo inaivuta boti, na boti inafuata ilikoelekea pua. Upepo ukitokea ubavuni, unaikazia pua tu dhidi yake, mwili uliobaki unajipanga wenyewe.

Halafu linakuja suala ambalo wavuvi wa huku wanaweza kulizungumza usiku kucha: uiongoze kwa mguu au kwa mkono?

Mimi nililielewa siku nilipomkumbuka fundi cherehani wa mtaani kwetu. Alikuwa na cherehani mbili. Ya mkono, ile yenye gurudumu la kuzungusha ubavuni, aliiweka mezani kwa kazi ndogo ndogo za viraka. Ya miguu ndiyo iliyompa chakula. Ukizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia, kitambaa kinabaki na mkono wa kushoto peke yake, na mkono mmoja hauwezi kulisha kola ikapinda sawasawa. Miguu ikishika mwendo, mikono yote miwili inarudi kwenye kitambaa. Kasi za mashine hizo mbili hazikunishughulisha. Nilichokiona ni wapi mikono inakuwa wakati mshono unapofika kwenye kona.

Kona ya mvuvi wa besi ni ile nukta chambo kinapogusa maji. Mara nyingi besi hukidaka wakati kinazama, kabla hata mvuvi hajaanza kuvuta. Rili wanayoipenda hapa inahitaji kidole gumba kiikandamize wakati chambo kikiruka, la sivyo mshipi unajisokota ukawa kiota cha ndege. Baada ya kurusha, ufito unahamia mkono mwingine ili wa kwanza uzungushe. Ni kazi ya mikono miwili, na haina nafasi. Mwenye mota ya mkono, boti ikianza kupotoka, lazima aachie kitu. Anaachia rili, anashika kana ya mota, anarekebisha, anarudi. Sekunde mbili tatu. Katika sekunde hizo chambo kimekwisha zama kwenye magugu, na kama samaki alikigusa, hakuna aliyejua.

Kikanyagio kinaziokoa sekunde hizo. Kile cha Mzee ni cha aina ya zamani, kinachoongoza kwa waya wa chuma uliopitishwa ndani ya mrija, kama waya wa breki ya baiskeli. Mguu ukishuka, waya unavuta, kichwa cha mota kinageuka saa ileile. Juu ya kichwa kuna mshale mdogo unaoonyesha propela imeelekea wapi, lakini sijamwona Mzee akiutazama. Waya wenyewe unamwambia. Mwendo ukizidi, propela inausukuma mguu kwa nguvu yake, na kikanyagio kinamrudishia uzito wa maji. Propela ikianza kubeba magugu, kinakuwa kizito kwa namna nyingine, na Mzee anajua kabla sauti haijabadilika.

Hilo la sauti ana msimamo nalo. Ubavuni mwa samaki mna mstari wa vinyweleo vya hisia unaopokea mtikiso wa maji. Besi anayekaa karibu na gati amekwisha zoea mitikiso mingi. Kinachomgutua ni mabadiliko. Wanaoanza hukanyaga swichi wakaachia, wakakanyaga wakaachia, na kila mara mota inaguna. Mzee anaiweka kwenye mwendo mdogo usiokatika, inavuma kwa sauti moja kama feni ya chumba cha jirani, na kazi yote iliyobaki anaifanya kwa kugeuza. Akitaka kusimama, anaielekeza pua kwenye upepo na kupunguza hadi msukumo na upepo vilingane. Boti inaning'inia hapo. Nimemwona akiishikilia hivyo kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha kahawa, na umbali kutoka kwenye gogo haukubadilika hata kwa urefu wa kafi.

Sitaki kumfanya mtu aamini kwamba mguu hauna gharama. Kikanyagio kinainuka kutoka sakafuni, kwa hiyo ukisimama nacho tangu alfajiri, mguu mmoja uko juu na wa pili unabeba mwili. Ifikapo saa saba mchana nyonga inalalamika. Boti kubwa za mashindano hutobolewa shimo sakafuni ili kikanyagio kizame kilingane na mguu wa pili. Boti ya Mzee haina shimo hilo. Ameweka kiti kirefu cha kuegemea, anakiegemeza nusu ya makalio, na unyayo wake unabaki mwepesi. Waya nao unachakaa na hubadilishwa. Mrija wake unajilaza sakafuni, unamngoja mtu ajikwae.

Kwenye mashua ndogo, usumbufu huo unazidi faida, na hapa namleta mtu wa pili.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, anayevua kwenye vihori vya ziwa hilihili, mahali ambapo boti ya Mzee haipiti. Ana mashua bapa ya aluminiamu ambayo angeweza kuikokota mwenyewe mchangani. Mota yake ni ya mkono: shafti, kichwa, na kana fupi unayoizungusha mwishoni kubadili mwendo. Amebana kila kitu pale penye nafasi ya kitu kimoja. Kikanyagio angekiweka wapi?

Mota za namna hiyo kwa kawaida hufungwa tezi, zikasukuma. Mama huyu amefungua skrubu za kichwa, akakigeuza nyuma mbele, akakaza tena. Sasa mashua inakwenda tezi mbele, na mota inavuta kama ile ya Mzee. Wavuvi wengi wa mashua ndogo hufanya hivyo, lakini yeye ameendelea hatua moja zaidi. Ameiongezea kana mrija mwepesi wa plastiki, urefu wa mkono, ukaja kulala kando ya goti lake. Niliposafiri naye nilikaa kimya nikingoja ile nukta ya kuachia rili. Haikuja. Goti lilisogea kidogo nje, mashua ikapinda. Goti likarudi. Alipotaka kuongeza mwendo, ndipo mkono uliposhuka mara moja, kati ya mrusho na mrusho, wakati chambo kiko hewani kikining'inia ufitoni na hakuna cha kupoteza. Amezipanga kazi zake kama mpishi anayejua lini maji yatachemka.

Nikamkumbuka nahodha wa ngalawa aliyenibeba utotoni. Kana ya usukani alikuwa akiibana kwa paja, demani, kamba ya tanga, imezungushwa kwenye dole gumba la mguu, na mikono yake ilikuwa ikifungua mafundo ya mshipi. Miaka yote hiyo nilidhani ni uvivu mzuri wa mtu aliyezoea. Sasa, nikiwa mbali na Pangani, naona alikuwa akifanya kazi ileile ya Mzee na ya mama huyu: kuipeleka safari chini mwilini, kwenye paja, kwenye dole, kwenye goti, ili vidole vya mkono vibaki na mshipi, maana ni vidole tu vinavyoweza kusikia samaki akidonoa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achague ipi, namuuliza kwanza chombo chake kina urefu gani na anavua akiwa amesimama au amekaa. Anayesimama omo kwenye boti yenye sitaha pana, akirusha mamia ya mara kwa siku, namwelekeza kwenye mguu, na kwenye waya. Anayekaa, mwenye mashua nyepesi, au anayevua na mtoto mdogo anayepita huku na huku, achukue ya mkono na atafute goti lake. Nguvu ni hesabu rahisi: Wamarekani hupima msukumo kwa ratili, na desturi yao ni ratili 2 za msukumo kwa kila ratili 100 za uzito wa boti iliyopakiwa. Betri moja ya volti 12 huishia karibu ratili 55. Volti 24 hufika 80. Volti 36 huzidi 100. Shafti iwe ndefu vya kutosha propela isiibuke hewani wimbi linapoinua omo. Kosa hilo la shafti fupi ni la kawaida sana, na linauma, kwa sababu propela inayokoroga hewa hupiga kelele ambayo besi wa kihori kizima wataisikia.

Siku hizi kuna mota zinazoongozwa kwa umeme badala ya waya, na zinazopokea ishara za setilaiti, zikashika mahali bila nanga kwa kubonyeza kitufe. Ni msaada mkubwa penye upepo mkali, na mzee mwenye nyonga mbovu anaweza kuvua miaka kumi zaidi kwa sababu yake. Ila nyingi za umeme mtupu huchelewa kidogo kuitikia, na kikanyagio chake hakikurudishii chochote. Mguu unazungumza bila kujibiwa. Kuna nyingine zinazounganisha waya na setilaiti, na kama ningekuwa na fedha ningeelekea huko.

Mzee hakunipa ufito aliponiita omo kwa mara ya kwanza, mwezi wa Juni. Alinionyesha boya jeupe, akaniambia nitie mikono mfukoni, niiweke pua ya boti umbali wa ufito mmoja kutoka kwenye boya hilo na niishikilie. Upepo ulikuwa wa kawaida tu. Nilikanyaga mno, boti ikalipita boya. Nikakanyaga kisigino, ikazunguka kama mbuzi kwenye kamba. Yeye alikuwa amekaa nyuma, akipanga vyambo vyake kwenye kisanduku kwa rangi, hasemi kitu. Kila Jumamosi tulianza na boya. Mwezi wa Agosti nilianza kuusikia upepo kwenye unyayo kabla haujanifika usoni: pua inakuwa nzito kidogo upande mmoja, na vidole vinashuka vyenyewe.

Jumamosi iliyopita nilikaa na boya dakika ishirini, tukizungumza habari za mjukuu wake anayejifunza kuendesha gari. Alipomaliza kisa aliangalia boya, akaangalia mikono yangu, ambayo nilikuwa nimekwisha itoa mfukoni bila kujua na nikawa namwonyesha kwa ishara jinsi barabara ya Pangani ilivyokuwa zamani.

"Wiki ijayo," akasema, "njoo na ufito wako."