Kano Jembamba na Mkono Usio na Haraka

Plantari ni msuli mdogo wa nyuma ya mguu wenye kano refu kuliko ukubwa wake unavyostahili. Tumbo lake, ambalo kwa mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 10, huanzia upande wa nje wa mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Kutoka hapo hushuka kano bapa, jembamba, likikatiza kimshazari kati ya misuli miwili mikubwa ya shavu la mguu, gastroknemio na soleo, hadi ukingo wa ndani wa kano la Achilles, na mara nyingi hushika kwenye mfupa wa kisigino. Katika nyani wengi huendelea hadi kwenye utando wa wayo. Kwa binadamu limeishia njiani. Hata huko kisiginoni halina mwisho mmoja: miguu mingine huwa nalo limeyeyukia ndani ya kano la Achilles, mingine limetawanyika kwenye tishu za kifundo. Wako pia watu wasio na msuli huo kabisa, nao hutembea na kukimbia bila kujua wamekosa kitu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya asilimia 7 na 20.

Tofauti hizo zina mwanzo wa mapema. Chipukizi la mguu hutokeza karibu na mwisho wa wiki ya 4 ya mimba. Seli za misuli huhamia humo kutoka kwenye somiti, vipande vinavyojipanga kandokando ya uti wa mgongo unaoumbika, ilhali seli za kano huzaliwa katika mesodemi ya pembeni, tishu ya kiinitete iliyo nje ya somiti hizo. Jambo hilo lilibainika katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1977, ambamo somiti za kware zilipandikizwa katika viinitete vya kuku. Kano basi huanza lenyewe, ila likikosa msuli wake halidumu. Wiki ya 8 inapokwisha, misuli mikuu ya mguu inatambulika. Ndiyo maana kijusi kina thamani kwa mwanaanatomia: tofauti inayoonekana humo haiwezi kusingiziwa viatu, mazoezi wala uzee.

Kuiona, hata hivyo, ni ufundi. Mguu wa kijusi cha miezi minne ni mfupi kuliko kidole cha mtu mzima, na kano la plantari ni jembamba kuliko uzi wa kushonea. Formalini huikaza tishu iliyojaa maji. Kazi nyingine yote ni ya mkono. Fundi huketi chini ya hadubini na vibano vyenye ncha kali, akianzia kwenye kwapa la goti. Ngozi hutolewa kwanza, kisha utando, huku vena na neva ndogo za juu zikihifadhiwa. Hatari kubwa iko kwenye kichwa cha nje cha gastroknemio, kwa sababu tumbo la plantari limejificha chini yake: anayekikata kwa pupa huondoka na vyote viwili. Kano likionekana, hufuatwa hadi juu, kwani wanafunzi wengi wamelidhania neva. Neva hutoa matawi. Kano huishia kwenye nyama. Kisha hupimwa, hupigwa picha, na mguu wa pili hupasuliwa kwa uangalifu uleule, maana kulia na kushoto havilazimiki kufanana.

Kilicho kigumu kuliko vyote ni kuandika kwamba kano halipo. Kilichokatwa bila kuonekana na ambacho hakikuwahi kuumbika huacha pengo lilelile mezani. Tofauti kati ya hivyo viwili imo katika mkono wa aliyepasua, na hakuna takwimu inayoweza kuirekebisha baadaye. Heshima pia ni sehemu ya ufundi huo: maadili ya leo yanadai idhini ya wazazi, na mguu uliotolewa kwa idhini hiyo haupaswi kuharibiwa kwa haraka.

Wapasuaji wa mkono hulichukua kano hili kuziba nafasi ya kano lililokatika, kwa kuwa ni refu na mgonjwa halikosi. Kabla ya kuchana, inafaa wathibitishe kwa mawimbi ya sauti kwamba mgonjwa huyo analo.