Nyasi za Bwawani

Mtazame mfugaji samaki mzoefu akipalilia bwawa lake katika mabonde ya Arua au Koboko, Uganda. Hafyeki ovyo. Huingia majini hadi magotini, akapapasa kwa miguu, akalishika tete chini kabisa na kuling'oa na mizizi yake, maana likikatwa juu tu litachipua tena. Mizizi huisuuza papo hapo ili tope lirudi bwawani. Lina rutuba hilo.

Lakini kazi kubwa ilifanyika siku ya kuchimba. Mahali ambapo kina hakifiki nusu mita, jua hupiga hadi chini na magugu hupata pa kuota, kwa hiyo kingo huchimbwa zishuke haraka. Kisha samadi na majani hurundikwa ndani ya uzio wa fito kwenye kona ya bwawa. Maji hugeuka kijani, na ukijani huo huyanyima mwanga magugu ya chini. Kipimo ni mkono. Anauzamisha hadi kiwiko: vidole vikipotea machoni hapo hapo, maji yamekuwa sawa. Vikionekana bado, anaongeza samadi. Vikipotea mapema, anaacha. Kwangu mimi, hakuna kifaa cha maabara kinachopendeza kuliko huo mkono.

Wala si kila jani ni adui. Juu ya tuta la bwawa hupandwa nyasi ya paspalamu, ishike udongo usimomonyolewe na mvua.

Mwenye tangi la kioo la samaki naye hutafuta nyasi kwa fedha. Mojawapo ni Vallisneria, yenye majani membamba kama utepe, ambayo huota yenyewe katika maji ya Nile. Ua lake jike hupanda hadi juu ya maji kwa kikonyo kirefu; yale madume, madogo mno, hukatika chini na kuelea mpaka yalifikie. Vifaranga hujificha humo, na mchana majani hutoa oksijeni. Usiku mimea hiyo hiyo huivuta. Ikizidi, iwe tangini au bwawani, alfajiri utawakuta samaki wakitwetea juu ya maji. Ndiyo maana mfugaji makini hukagua bwawa kabla jua halijachomoza.

Nawe ukifika Rhino Camp, kando ya Nile, ukaona gugu maji limechanua zambarau mtoni, usilibebe kwenda kupamba bwawa lako. Lilionekana Ziwa Kyoga mwaka 1988, na Uganda bado inahangaika nalo.