Audra McDonald bila jukwaa

Ukimtaja Audra McDonald, wapenzi wa tamthilia za muziki watakuhesabia tuzo. Wana haki: tuzo yake ya 6 ya Tony, aliyoitwaa mwaka 2014 kwa kumwigiza mwimbaji Billie Holiday, ilimfanya mtu wa kwanza kushinda vipengele vyote 4 vya uigizaji. Albamu zake binafsi hazitajwi sana, nami naona ufundi wake unadhihirika zaidi humo.

Chukua *Way Back to Paradise* ya mwaka 1998. Alikuwa hajafika miaka 30, na Tony 3 tayari ziko kabatini. Mwingine angejaza nyimbo za Gershwin zinazojulikana na kila mtu, albamu ikauzika. Yeye aliwaendea watunzi waliokuwa bado wakijijengea jina: Adam Guettel, Michael John LaChiusa, Ricky Ian Gordon, Jason Robert Brown. Wimbo mmoja wa Brown ulitoka *Parade*, mchezo ambao ulikuwa haujazinduliwa Broadway albamu ilipotoka.

Wimbo mwingine wa Brown, "Stars and the Moon", ndio ninaourudia mno. Mwanamke anasimulia habari za wanaume aliowakataa kwa kuwa hawakuwa na kitu zaidi ya ndoto, kisha tajiri aliyemkubali. Waimbaji wengi, kwa kuwa wanaujua mwisho, huanza kusikitika tangu ubeti wa kwanza. McDonald hana haraka hiyo. Anasimulia kwa kejeli nyepesi, kama mtu aliyeridhika na hesabu zake, hata majuto yakija yanamkuta yeye na msikilizaji pamoja.

Hilo si jepesi. Jukwaani kuna gauni, kuna taa, kuna onyesho lililotangulia. Wimbo unapoanza, mtazamaji ameshamjua mhusika. Studio haina hata kimoja. Tena sauti yake ni soprano iliyonolewa kwa opera katika chuo cha Juilliard, sauti ya kumfikia aliyekaa kiti cha mwisho, na maikrofoni iko karibu kiasi cha kunasa pumzi. Basi sehemu kubwa ya kazi ni kujizuia.

Katika *How Glory Goes* ya mwaka 2000 alijipa mtihani mkubwa zaidi. Wimbo uliobeba jina la albamu ni wa Guettel, kutoka *Floyd Collins*, mchezo wa muziki juu ya kisa cha kweli cha mwanamume aliyenaswa pangoni Kentucky mwaka 1925 akafia humo. Katika wimbo huo Floyd anamuuliza Mungu mbinguni kukoje. McDonald hajifanyi mwanamume, wala habadili wimbo kuwa sala ya kanisani. Anauliza tu, kama anayetaka kujibiwa.

Si albamu zake zote zinazonikaa moyoni. *Build a Bridge* ya mwaka 2006 inachota nyimbo za akina Randy Newman na Elvis Costello, na humo mara nyingine nasikia mwigizaji akitafuta mhusika ndani ya wimbo usiomhitaji. Anayeanza aanze na ile ya 1998, asikilize kwa mpangilio wake, bila kurukaruka.