Taifa na Makaburi Yake

Kitabu cha Benedict Anderson, Imagined Communities, kilichotoka mwaka 1983, nimekisoma mara mbili hapa Tukuyu, mara zote mbili mvua ikiwa imenifungia ndani. Mwandishi anasema taifa ni jumuiya inayoishi katika fikra: wananchi wengi hawatajuana kamwe, lakini kila mmoja huwahesabu wenzake kuwa ndugu. Vitabu na magazeti, kwa maoni yake, ndivyo vilivyowazoesha kufikiri hivyo.

Kwa sehemu kubwa nakubaliana naye. Hata kabila letu lilijengwa hivyo. Wajerumani walituita Wakonde. Jina la Wanyakyusa lilikuwa la watu wa kando ya Ziwa Nyasa, na ni katika enzi ya Waingereza ndipo liliposhika mizizi hata kwa Wakukwe na watu wa Selya. Leo tunalitamka kana kwamba lilizaliwa pamoja na Mlima Rungwe.

Lakini Anderson anatupeleka kwenye kaburi la askari asiyejulikana, akiuliza kwa nini watu hukubali kulifia taifa. Hapo ndipo ninapoachana naye. Kwetu kaburi lina mwenyewe, na asiyefika msibani huulizwa sababu. Bibi yangu, ambaye hakujua kusoma, angeuliza swali jingine: nani atakuja kuzika?

Dada yake aliolewa ng'ambo ya mto Songwe, kwa Wangonde wa Karonga, ambao tunasikilizana nao lugha. Wajerumani na Waingereza waliufanya mto huo mpaka mwaka 1890. Tanganyika ikapata uhuru 1961, Malawi 1964, mpaka ukabaki palepale. Dada alipofariki, bibi alicheleweshwa njiani kwa kukosa karatasi. Alikuta udongo umekwisha kufukiwa.

Ningetarajia alichukie taifa lililomfanya mgeni kwenye msiba wake mwenyewe. Haikuwa hivyo. Oktoba 1999, redio ilipotangaza kifo cha Mwalimu Nyerere, alijifunga kanga kiunoni akakaa chini, akalia kama aliyefiwa na kaka. Hakuwahi kumwona, wala kufika Butiama.

Basi Anderson hakukosea kuhusu fikra, amepunja sikio. Taifa lilimfikia bibi kwa sauti, si kwa karatasi. Karatasi ilimfikia mara moja tu, pale mtoni, nayo ilimnyima kuzika.