Kila Swali na Hadubini Yake

Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alifariki mwaka 1723 akaacha mamia ya hadubini alizozitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Wingi huo huwashangaza watu, lakini ulikuwa na sababu. Kila hadubini yake ilikuwa bamba dogo la shaba au fedha lenye lenzi moja ndogo mno, na nyuma yake sindano ya kushikia kitu. Mara nyingi alipofanikiwa kukiweka kitu sawasawa hakukibandua tena. Alitengeneza hadubini nyingine. Ndiyo maana namhesabu kuwa mzee wetu, sisi tunaopanga hadubini rafuni nyumbani. Alijua kwamba kutazama vizuri huanza na kuchagua chombo.

Wanaoanza huuliza kwanza: ipi inakuza zaidi? Swali hilo huwatia hasarani. Madukani kuna hadubini za plastiki zinazojinadi kukuza mara 1200, na ukichungulia huoni ila ukungu mkubwa. Mwaka 1873 Ernst Abbe alionyesha kuwa mwanga wenyewe una mpaka: vitu viwili vikikaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi lake, yaani kama sehemu 2 kati ya 10,000 za milimita moja, huonekana kitu kimoja, ukuze utakavyokuza. Lenzi nzuri ya mara 40 hukuonyesha mengi kuliko lenzi mbovu ya mara 100.

Mimi ningemshauri mtu aanze na hadubini ya stirio, inayokuza mara 10 hadi 40. Kila jicho lina njia yake ya mwanga, kwa hiyo kitu huonekana kimeinuka, chenye kina, na hakipinduki, hata mikono inaweza kufanya kazi chini yake. Fukusi wa mahindi ataonekana na pua yake ndefu, mdomo ukiwa nchani. Mchanga mweupe wa pwani ya Unguja, unaodhania ni unga mtupu, utaonekana kuwa vipande vya matumbawe, magamba ya konokono wachanga, na vijumba vya chokaa vya viumbe wenye seli moja, vyumba vyake vimepangwa kwa mzunguko. Hadubini hii haidai kioo, rangi wala kisu. Naipenda kuliko zote.

Ya pili ni ile iliyozoeleka katika zahanati kwa kutafutia vimelea vya malaria, ambayo mwanga hupenya kitu kutoka chini. Nyumbani kazi yake kubwa ni maji ya dimbwi. Kwa lenzi za mara 4 na 10, kata duara la karatasi nyeusi uliweke chini ya kondensa, yaani lenzi inayokusanya mwanga chini ya kitu, katikati ya njia ya mwanga: uwanja wote utakuwa mweusi, na viumbe wasiokuwa na rangi watang'aa humo kwa mwanga unaowafikia kutoka pembeni. Karatasi hiyo haigharimu chochote.

Kisha kuna mwanga uliochujwa. Weka kichujio kimoja cha polaroidi chini ya kitu na kingine juu, uzungushe hadi giza liingie. Nyunyiza unga wa muhogo katika tone la maji: chembe za wanga zitawaka nyeupe, kila moja ikiwa na msalaba mweusi, na ukizungusha vichujio vyote viwili pamoja, misalaba nayo huzunguka. Wanajiolojia husoma mawe kwa njia hiyohiyo. Henry Clifton Sorby wa Sheffield, katika karne ya 19, alisaga mawe hadi yakapenyeka na mwanga. Siku hizi kipande cha jiwe husagwa hadi unene wa milimita 0.03. Katika unene huo jiwe jeusi la volkano hutoa rangi za buluu, waridi na manjano, na kila madini hujitambulisha kwa rangi zake. Kusaga jiwe kwa mkono hadi kiwango hicho ni kazi ya subira. Nawaheshimu sana wanaoiweza.

Rafu ikikua, mtu hujifunza kusoma maandishi ya ubavuni mwa lenzi. 160/0.17 maana yake lenzi imekusudiwa mrija wa milimita 160 na kioo cha kufunikia chenye unene wa milimita 0.17. Ukiifunga kwenye hadubini ya mfumo mwingine, picha huharibika hata kama skrubu imeingia vizuri. Na skrubu huingia kweli: kipimo cha Royal Microscopical Society cha karne ya 19 kingali kinatumika, hivyo lenzi ya shaba ya zama za Malkia Victoria yaweza kukaa kwenye mwili mpya.

Pwani, adui ni kuvu. Hutanda nyuzi juu ya lenzi, na zikikaa sana huchimba kioo chenyewe. Kabla ya kununua hadubini kuukuu, toa lenzi za jicho umulike ndani kwa tochi. Ukishaileta nyumbani, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi. Lenzi ziwekwe katika kopo lenye kifuniko kinachobana pamoja na silika jeli, na jeli ikilowa ikaushwe kwa moto mdogo, irudishwe koponi.